Skeli Ilipotoweka: Historia ya Kuchora Jengo kwa Kiasi

Jengo la mikutano la KICC jijini Nairobi lilianza kujengwa mwaka 1967 na kukamilika mwaka 1973, likawahi mkutano mkuu wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa uliofanyika Nairobi Septemba mwaka huo. Mnara wake una ghorofa 28, na pembeni yake kuna ukumbi wenye paa lililochongoka ambalo kila mkazi wa jiji hilo analijua. Msanifu wake, Karl Henrik Nøstvik kutoka Norwei, alifanya kazi bega kwa bega na David Mutiso, msanifu majengo wa serikali ya Kenya. Jengo zima, kuanzia msingi hadi kileleni, lilichorwa kwa mkono.

Wachoraji wa enzi zile walijuaje pa kuishia? Hakuna aliyechora kila msumari wala kila boliti, na hata hivyo mafundi walijenga, wakadiriaji majenzi wakapiga hesabu zao, na jengo likasimama.

Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwenye kalamu. Kalamu za wino za Rotring, zilizoenea kwenye meza za wachoraji tangu miaka ya 1950, ziliuzwa kwa unene maalumu: milimita 0.18, 0.25, 0.35, 0.5 na kuendelea. Chukua ile ya 0.25 uchore ukuta kwa skeli ya 1:100. Mstari mmoja wa kalamu hiyo unafunika milimita 25 za jengo halisi. Plasta ya ukuta ina unene wa milimita 15 hivi. Kwa skeli hiyo plasta haichoreki. Wino umekwisha kuimeza. Anayetaka ionekane inambidi achukue karatasi nyingine na kuhamia 1:5, ambako zile milimita 15 zinakuwa 3, nafasi ya kutosha kwa mistari miwili na vitone vya mchanga katikati yake.

Basi skeli ndiyo iliyokuwa ikitoa amri. Ramani ya 1:100 ilionyesha vyumba, kuta, milango na madirisha. Ya 1:50 ilimpa fundi vipimo vyake. Ngazi na vyoo vilichorwa kwa 1:20, na pale dirisha linapokutana na ukuta, mahali ambapo maji ya mvua hupenda kupenya, palichorwa kwa 1:5 au hata ukubwa wake halisi. Kila skeli ilikuwa na desturi zake, na kijana aliyeingia ofisini kujifunza kazi alizipokea pamoja na rula ya T na seti skwea. Hakufundishwa somo la kuacha mambo. Unene wa wino ulimwachisha.

Kulikuwa pia na gharama ya kufuta. Wino kwenye karatasi ya kufuatishia hauondoki kwa raba ya kawaida. Mchoraji alishika wembe, akaukwangua mstari taratibu, kisha akasugua palipokwanguliwa hadi uso wa karatasi ulainike tena, la sivyo wino mpya ungetambaa. Akikwangua mara kadhaa mahali pale pale, karatasi inatoboka na kazi ya siku nzima inakwenda na maji. Mtu anayefanya kazi katika hali hiyo hachori mstari asiouhitaji.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ilijulikana na kila mtu aliyewahi kusimamia ujenzi. Mlango mmoja unachorwa kwenye ramani ya sakafu, unachorwa tena kwenye sura ya mbele, tena kwenye mkato, tena kwenye mchoro wa kina, halafu unaandikwa kwenye orodha ya milango. Mteja akiomba upanuliwe kwa sentimita 10, mistari hiyo yote inabidi ikwanguliwe. Mmoja ukisahaulika, fundi anakuta vipimo viwili vya mlango mmoja, na anajenga kwa kile alichokiona kwanza.

Kompyuta ilipoingia kwenye taaluma hii ilikuja na ahadi ya kuponya kasoro hiyo. Iliondoa pia, bila mtu kukusudia, ule mpaka uliokuwa umewekwa na kalamu.

Dalili ya kwanza ilionekana mapema. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT nchini Marekani, alimaliza programu aliyoiita Sketchpad. Iliendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2, mtambo mkubwa wa maabara ya Lincoln, na mtumiaji alichora moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Watu wengi wanaikumbuka kwa kalamu hiyo. Kwa historia hii jambo lenye uzito zaidi ni jingine: picha iliweza kukuzwa hadi mara 2,000. Kioo chenye upana wa inchi 7 kikawa dirisha la kutazamia karatasi yenye upana wa karibu robo maili. Kwa mara ya kwanza mchoraji alikuwa na karatasi isiyo na skeli, ambayo anaweza kuisogelea kadiri apendavyo na kila mara akakuta nafasi ya kuongeza mstari.

Miaka 12 baadaye alikuja mtu aliyeona kwamba tatizo lilikuwa mchoro wenyewe. Charles Eastman, msanifu majengo aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alichapisha mwaka 1975, katika jarida la chama cha wasanifu majengo wa Marekani, makala kuhusu kutumia kompyuta badala ya michoro. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutekeleza. Jengo liwekwe mara moja tu ndani ya kompyuta, kila kipande na umbo lake, mahali pake na sifa zake. Kisha ramani, mikato na orodha za vifaa vitolewe humo. Mlango ukibadilishwa mara moja umebadilika kote. Yeye na wenzake walikwisha kuunda mfumo wa majaribio, nao ulionyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Eastman aliamini kwamba gharama za usanifu zingepungua kwa zaidi ya nusu.

Eastman alikuwa sahihi kuhusu mlango. Kuhusu gharama mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu ili modeli, yaani lile jengo lililowekwa ndani ya kompyuta, itoe mchoro wa 1:5 lazima mtu awe ameingiza humo kila kinachoonekana kwa 1:5: ukanda wa mpira wa dirisha, skrubu, plasta, tabaka la kuzuia unyevu. Kwenye karatasi mchoro wa kina ulichorwa mara moja kwa mahali pa mfano, na fundi akaelewa kwamba madirisha mengine 60 yatajengwa hivyo hivyo. Kwenye modeli kamili kila dirisha linadai kujengwa lilivyo. Swali la kiasi, ambalo unene wa wino ulikuwa ukilijibu, likahamia kwenye kichwa cha msanifu. Taaluma imekuwa ikilihangaikia tangu hapo, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo swali kuu la historia nzima ya programu za usanifu, kuliko hata suala la kampuni gani imeshinda soko.

Soko, kwa muda mrefu, halikutaka kulisikia. Mwaka 1982 John Walker na wenzake walianzisha kampuni ya Autodesk, na Novemba mwaka huo wakaonyesha AutoCAD kwenye maonyesho ya kompyuta ya COMDEX mjini Las Vegas. Kabla yake, mitambo ya kuchorea kwa kompyuta iliuzwa kwa bei ambayo kampuni kubwa za uhandisi tu ndizo zilizoimudu. AutoCAD iliendeshwa kwenye kompyuta ndogo ya mezani na kuuzwa kwa dola 1,000 hivi. Haikujua ukuta ni nini. Ilijua mstari, duara, tao na maandishi, na ilimpa mchoraji leya za kutenganisha kazi na bloku za kurudia alama. Hiyo ilitosha. Ofisi iliyochukua siku tatu kurudia mchoro sasa ilinakili na kubadilisha kwa saa chache, na wembe ukaachwa kwenye droo.

Desturi moja mpya iliingia humo bila watu kuitilia maanani. Kwenye AutoCAD jengo linachorwa kwa ukubwa wake halisi, ukuta wa milimita 230 ukiwa milimita 230, na skeli inachaguliwa mwishoni wakati wa kuchapa. Miaka ya mwanzo mchoraji alilazimika kupiga hesabu ili maandishi yatoke kwa ukubwa unaosomeka: herufi za milimita 2.5 kwenye karatasi ya 1:100 ziliandikwa kwa urefu wa 250. Toleo la mwaka 1990 likaleta nafasi ya pekee ya kupangia karatasi, na mzigo huo ukapungua. Yaani hata kazi ya kukumbuka skeli ikaondolewa. Vijana waliojifunzia hapo walianza kuleta ramani za 1:100 zilizojaa mistari hadi ukuta ukatoka mweusi mtupu, kwa kuwa kwenye kioo, wakiwa wamesogea karibu, kila kitu kilionekana safi.

Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, mtu mmoja alikuwa akiifuata njia ya Eastman akiwa na mashine dhaifu sana. Gábor Bojár, mwanafizikia wa Hungaria, alianzisha Graphisoft mjini Budapest mwaka 1982, wakati nchi yake ingali chini ya utawala wa kikomunisti na imeanza tu kuruhusu kampuni ndogo za watu binafsi. Miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuunda kwa kompyuta modeli ya mabomba ya kituo cha umeme wa nyuklia cha Paks. Mabomba hayo yalipitana kwa namna ambayo michoro bapa haikuweza kuionyesha vizuri, na kosa moja lingegharimu sana. Nchi za Magharibi zilikuwa zimezuia kompyuta zenye nguvu kupelekwa Ulaya ya Mashariki, hivyo wahandisi wa Bojár walijifunza kubana: waliandika programu za vipimo vitatu kwa mashine ambazo wenzao wa Magharibi wangezidharau.

Ubanaji huo uliwafaa. Toleo lao la kwanza kwa ajili ya wasanifu majengo lilitoka mwaka 1984 kwa kompyuta ya Apple Lisa, na baadaye programu ikajulikana kama ArchiCAD. Macintosh ya kwanza, iliyotoka mwaka huohuo wa 1984, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Picha moja ya simu ya leo haingii humo. Kwenye vyombo vya namna hiyo hapakuwa na nafasi ya skrubu. Msanifu alichora ukuta kwenye ramani ya sakafu kama alivyozoea, akaupa urefu na unene, na programu ikausimamisha. Mlango ulikuwa kitu kimoja chenye vipimo, kilichoelezwa kwa mistari michache ya lugha ya programu inayoitwa GDL, na kitu hicho kiliweza kuchorwa kwa wepesi kwenye 1:100 na kwa undani zaidi kwenye 1:50. Hapo pana werevu ambao haujasifiwa vya kutosha. Watu wa Budapest walirudisha skeli ndani ya kompyuta, wakaifanya iwe sehemu ya akili ya mlango. Apple iliwasaidia kwa kompyuta na fedha, na Bojár hakusahau: mwaka 2011, miezi michache baada ya Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa Apple, kufariki, alisimamisha sanamu ya shaba ya Jobs kwenye viwanja vya kampuni mjini Budapest.

Uingereza nako kulikuwa na majaribio yaliyotangulia. Mfumo wa RUCAPS, uliouzwa na kampuni ya GMW Computers, ulitumika katika upanuzi wa jengo la abiria namba 3 la uwanja wa ndege wa Heathrow, na Robert Aish wa kampuni hiyo aliueleza mfano huo kwenye makala yake ya mwaka 1986. Uwanja ulipaswa kuendelea kupokea abiria huku ukijengwa, kwa hiyo jambo lililohitajika kwenye modeli lilikuwa mpangilio wa awamu: kipi kinabomolewa lini na kipi kinapandishwa lini. Kwa kazi hiyo kuta zilitosha kuwa nyepesi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka Los Angeles. Ofisi ya Frank Gehry ilipewa kazi ya kusanifu sanamu kubwa ya samaki kwa ajili ya Barcelona, iliyopaswa kuwa tayari kwa Michezo ya Olimpiki ya 1992. Maumbo yake yaliyopinda yalishindikana kuelezwa kwa ramani na mikato. Jim Glymph, mmoja wa viongozi wa ofisi hiyo, aliongoza utafutaji wa programu inayoweza kushika umbo lile, wakaishia kwenye CATIA, iliyotengenezwa na kampuni ya Dassault ya Ufaransa kwa ajili ya ndege za kivita. Samaki akajengwa. Kisha likaja jumba la makumbusho la Guggenheim mjini Bilbao, lililofunguliwa Oktoba 1997, ambalo ngozi yake ni ya mabati ya titani yenye unene usiofika nusu milimita.

Wengi huamini kwamba ndani ya kompyuta ya Gehry kulikuwa na Bilbao nzima hadi boliti ya mwisho. Sivyo ilivyokuwa. Wasanifu walitengeneza vielelezo vya mbao na karatasi kwa mikono, wakavipima kwa kifaa cha kusoma nukta, na ndani ya CATIA wakajenga uso: ile ngozi ya nje iliyopinda, kwa usahihi mkubwa sana. Uso huo ndio waliokabidhi. Wahandisi walipanga mifupa ya chuma nyuma yake, na kampuni za kutengeneza chuma zikatoa humo vipande na matundu ya boliti kwa programu zao wenyewe. Vyumba vya ndani vyenye kuta zilizonyooka vilielezwa kwa michoro ya kawaida. Ofisi ya Gehry ilitumia nguvu zake zote pale ambapo karatasi ilikuwa imeshindwa, na kwingineko ikaiachia karatasi kazi yake. Watu waliolinakili jengo hilo walinakili mikunjo yake. Uamuzi huo wa kiasi ungewafaa zaidi.

Hata hivyo programu iliyokuja kubadilisha ofisi za kawaida ilitoka kwa watu wa mashine. Leonid Raiz na Irwin Jungreis walikuwa wametoka kwenye kampuni ya PTC, ambayo programu zake zilitumiwa na wahandisi wa mitambo. Ukibadilisha kipimo kimoja cha injini, vipande vinavyohusiana nacho vinajirekebisha. Mwaka 1997 walianzisha kampuni karibu na Boston ili kulipeleka wazo hilo kwenye majengo, na mwaka 2000 wakatoa Revit. Miaka miwili baadaye Autodesk, kampuni iliyokuwa imetajirika kwa mstari na duara, iliinunua kwa dola milioni 133. Ofisi ya SOM, iliyokuwa ikisanifu mnara mpya wa World Trade Center mjini New York, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuitumia kwenye jengo kubwa. Nao walianza na sehemu moja tu, ghorofa za chini ya ardhi, ambako reli, mabomba na miundo ya zamani vilikuwa vikigombania nafasi.

Kisha kompyuta zikawa na nguvu, na breki zikakatika. Miaka ya 2000 ilipoendelea, watengenezaji wa milango, vyoo, taa na viyoyozi walianza kugawa modeli za bidhaa zao bure. Zilitengenezwa na watu wa viwandani kwa ajili ya viwanda: kitasa chenye mkunjo wa kila ukingo, bawaba yenye skrubu, na kila skrubu ikiwa na mizingo yake. Msanifu alishusha modeli ya kitasa kutoka mtandaoni, akakipenda, akakiweka kwenye mlango mmoja. Mlango ule ukarudiwa kwenye hospitali yenye milango 800. Siku hiyo faili iliyokuwa ikifunguka kwa dakika moja ikawa inafunguka wakati watu wanakunywa chai, na kugeuza picha ya jengo kukawa kuomba na kusubiri. Ofisi ilinunua kompyuta mpya. Tatizo likarudi na mlango uliofuata.

Waliozoea AutoCAD walikuwa na haki ya kulalamika kwamba kazi iliyowachukua asubuhi moja sasa inawachukua wiki. Walioamini modeli walikuwa na haki ya kujibu kwamba asubuhi hiyo moja ndiyo iliyozaa vipimo viwili vya mlango mmoja. Mwaka 2004 Patrick MacLeamy wa kampuni ya HOK alichora mkunjo uliopata umaarufu mkubwa. Ulionyesha kwamba mabadiliko ni rahisi mwanzoni mwa kazi na ghali mwishoni, hivyo juhudi za usanifu zisogezwe mbele. Mkunjo huo ni wa kweli. Ila wengi waliusoma kama ruhusa ya kuingiza kila kitu mapema, wakajikuta wakimchagulia mteja vigae kabla hajaamua idadi ya vyumba. Kuamua mapema na kuchora kwa undani mapema ni mambo mawili tofauti, na ofisi nyingi zilipata hasara kwa kuyachanganya.

Taaluma ilianza kutafuta kipimo kitakachochukua nafasi ya skeli. Mwaka 2008 chama cha wasanifu majengo wa Marekani kilitoa hati ya mkataba, E202, iliyopanga hatua tano kwa kila kipande cha modeli, kutoka 100 hadi 500. Kwenye 100 ukuta ni wazo tu lenye eneo. Kwenye 200 una ukubwa wa kukadiria. Kwenye 300 ukubwa na mahali pake vinaaminika. Kwenye 400 unaweza kutengenezwa kiwandani kwa kufuata modeli. Kwenye 500 umekwisha kujengwa na kuhakikiwa. Miaka mitano baadaye jopo la BIMForum lilichapisha ufafanuzi wenye picha na kuongeza hatua ya 350, kwa ajili ya mahali ambapo mifumo inakutana: bomba linapopita kwenye boriti, kuta zinapokutana na dari. Nyongeza hiyo ilitoka kwa watu waliokwisha kuumia, kwa maana ugomvi wa eneo la ujenzi huanzia kwenye makutano.

Uzuri wa hatua hizo ni kwamba zinaeleza kiasi cha kuaminika cha kipande. Kiti kilichochorwa na kila mshono kinaweza kuwa bado kwenye hatua ya 200 kama hakuna aliyeamua kwamba kitanunuliwa. Nguzo iliyochorwa kama mche mtupu inaweza kuwa 300 kama mhandisi ameithibitisha. Watu wengi hawakulielewa hilo. Mikataba ikaanza kudai modeli nzima iwe 400, kana kwamba namba kubwa ni ubora zaidi, na wasanifu wakachora nati zisizosomwa na yeyote.

Uingereza iliongeza shinikizo. Mwaka 2011 serikali ilitangaza kwamba ifikapo 2016 miradi ya serikali kuu itatumia modeli za taarifa za majengo (BIM), na nchi nyingine zikaitazama. Viwango vyake vilikuja kuwa msingi wa kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, kilichotoka mwaka 2018, na humo mna badiliko la mawazo lenye heri. Kiwango hicho kinamtaka anayeomba taarifa aseme kwanza anaihitaji kwa kazi gani, na kinahesabu taarifa iliyozidi mahitaji kuwa upotevu. Mwaka 2020 Ulaya ikatoa kiwango kingine kinachofafanua namna ya kutaja mahitaji hayo. Imechukua zaidi ya miaka 50 tangu Sketchpad kwa taaluma kuandika kwenye hati rasmi jambo ambalo kalamu ya milimita 0.25 ilikuwa ikilisema bila kuandikwa.

Programu zenyewe nazo zimejifunza. Revit ina viwango vitatu vya undani, hafifu, wastani na kamili, na ina jedwali linaloviunganisha na skeli ya kila mchoro. ArchiCAD inaweza kuficha tabaka za ukuta na kuacha mfupa tu. Zote zinamruhusu mchoraji kukata modeli kwenye dirisha, kisha kuchora juu ya mkato huo mistari bapa ya ukanda wa mpira, povu na skrubu, kwa mahali pale pamoja tu. Ofisi nyingi zimefikia kanuni ileile kila moja kwa njia yake: modeli ibebe kinachoonekana kwa 1:50, na kilicho kidogo zaidi ya hapo kichorwe bapa. Mchoraji wa mwaka 1970 angeielewa kanuni hiyo papo hapo.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya pekee ya kuifuata. ArchiCAD na Revit zimeenea kwenye ofisi za Nairobi na Dar es Salaam, na vyuo vinavyofundisha usanifu vinatoa vijana wanaozijua vizuri. Lakini fundi kule kwenye ujenzi bado anasoma karatasi, na kati yake na msanifu yupo mtu ambaye Marekani hawana taaluma yake kwa namna hii: mkadiriaji majenzi, urithi wa mfumo wa Uingereza, anayepima kazi kwa kanuni na kuandaa jedwali la bei. Mkadiriaji hahitaji plasta iliyochorwa. Anahitaji eneo la uso wa ukuta likiwa sahihi, milango imetolewa, na kila ukuta una jina linalosema ni wa tofali au wa zege. Plasta na rangi atazipata humo kwa hesabu. Kuta zilizopishana kwenye pembe kwa sentimita 20 zitamharibia hesabu kuliko kukosekana kwa vitasa vyote vya jengo. Saa ambazo kijana anazitumia kupamba kitasa zingenyoosha pembe hizo zote.

Kwa hiyo kabla ya kusimamisha ukuta wa kwanza kwenye kioo, ofisi iketi na mhandisi, mkadiriaji majenzi na, inapowezekana, mkandarasi, waandike ukurasa mmoja tu: kipi kitajengwa kwenye modeli, kipi kitachorwa bapa, kipi kitaelezwa kwa maneno, na nani anaruhusiwa kupima kutoka wapi. Ukurasa huo uambatanishwe na mkataba na usainiwe na wote, mteja akiwemo, kabla ya malipo ya awamu ya kwanza.